Ligawe Kundi Kabla Halijajigawa: Mabumba ya Nyuki kwa Mfugaji wa Mwisho wa Wiki

Mwaka juzi nilipoteza mabumba matatu, yaani makundi ya nyuki yaliyojigawa na kuondoka mzingani, ndani ya mwezi mmoja. Yote yalitoka siku za kazi, mimi nikiwa ofisini Singida mjini, mizinga iko shambani kwa mama mkwe. Mara ya tatu kijana anayeangalia shamba alinipigia simu: "Mzee, nyuki wako hao wanaondoka." Nikamuuliza wanaelekea wapi, kana kwamba jibu lingenisaidia kitu.

Ninayoandika hapa ni kwa mfugaji wa aina yangu: mizinga michache, Jumamosi na Jumapili tu, na mshahara unatoka kwingine. Mimi nina tisa. Saba ni ya viunza, yaani vile vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya mzinga na nyuki hujenga sega moja chini ya kila kimoja. Miwili ni ya magogo, niliikuta hapo hapo shambani na sina moyo wa kuishusha.

1. Wanagawanyika au wanahama?

Mambo haya mawili huchanganywa sana, na dawa zake hazifanani. Kundi likihama linaondoka lote. Unafungua mzinga unakuta masega matupu, pengine na siafu ndani. Sababu huwa ni njaa, kiu, jua kali, moto, wadudu, au mfugaji mwenyewe aliyerina akakomba kila kitu. Hapo tengeneza kivuli, weka maji karibu, paka grisi kwenye waya za kuning'inizia, na msimu ujao waachie asali ya kula.

Kundi likigawanyika, malkia mzee anaondoka na nusu ya nyuki au zaidi. Wanaobaki wana majana (watoto wa nyuki ndani ya masega), wana asali, na wana vyumba vya malkia wapya. Huo ni uzazi, na nyuki wetu wa nyika wana hamu nao kuliko nyuki wa Ulaya. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka Brazili malkia waliochukuliwa Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka uliofuata mabumba 26 yakatoroka karibu na mji wa Rio Claro, yakachanganyika na nyuki wa kule na kuendelea kugawanyika, na kufikia 1990 uzao wao ulikuwa umeshavuka mpaka na kuingia Texas. Sasa wewe unataka kuwazuia kwa kuongeza viunza viwili ili wapate nafasi. Utachelewesha, hutazuia. Mimi niliacha kushindana nao. Siku hizi nawahi tu: nikiona wameamua, nawagawa mimi, kila upande ukabaki mzingani kwangu.

2. Hesabu ya siku nane

Kosa langu la mwaka juzi halikuwa uvivu, lilikuwa hesabu. Nilikuwa nakagua kila baada ya wiki 2 na kujiona makini.

Malkia hutokea hivi: yai hukaa siku 3, buu hulishwa siku kama 5, na siku ya 8 vibarua, yaani nyuki wa kazi, huziba chumba kwa nta. Siku ya 15 au 16 malkia mpya anatoka. Bumba la kwanza kwa kawaida huondoka vyumba vya kwanza vinapozibwa, kama mvua haikuwazuia. Tuseme umekagua Jumamosi ukaona shwari, Jumapili malkia akataga kwenye kikombe, yaani mwanzo wa chumba cha malkia. Jumatatu ya wiki inayofuata chumba kimezibwa, na saa tano asubuhi yenye jua bumba liko angani. Ratiba yako bado inasema urudi Jumamosi ijayo.

Kwa hiyo, msimu wa maua, kagua kila siku 7. Yai hilo la Jumapili utalikuta Jumamosi likiwa buu la siku chache, chumba bado kiko wazi, na muda wa kutenda unao. Huku kwetu wiki za kushika ratiba hiyo ni pale mvua zinapokolea mpaka alizeti imalize kuchanua. Kiangazi waache wapumzike, kufungua fungua mzinga nako kunawahamisha.

3. Kufungua na kusoma

Nenda jioni, saa kumi na moja hivi, ndugu wa karibu wakiwa wamefunga mbuzi mbali. Mnyama aliyefungwa kamba karibu na manzuki, yaani mahali pa mizinga, hana pa kukimbilia. Vaa vazi kamili, suruali ndani ya buti. Bomba la moshi nalijaza magunzi na mavi makavu ya ng'ombe: yanashika taratibu, na moshi wake ni wa baridi. Na usile ndizi mbivu kabla ya kwenda. Harufu ambayo nyuki hutoa akiuma kuwaita wenzake inafanana sana na ya ndizi.

Puliza mlangoni mara tatu nne, ngoja dakika moja au mbili. Anzia upande ulio mbali na mlango, ambako viunza vya mwisho huwa vitupu. Gonga kwa mpini wa kisu: kiunza chenye sega zito hutoa sauti nzito, kitupu kinalia wazi. Toa kitupu kimoja upate nafasi, kisha songa moja moja kuelekea mlangoni, ukikata gundi ya nyuki kwa kisu.

Sega la mzinga huu halina fremu, limeshikiliwa juu tu. Linyanyue wima, lisimame kama nguo kwenye kamba. Ukitaka kuona upande wa pili, zunguka wewe, au lizungushe likiwa bado wima. Ukililaza kama sahani, hasa mchana wa joto, linakatika. Mimi nilishamwaga sega zima juu ya buti zangu, majana, asali na nyuki kwa pamoja, na sikukaa kuangalia mengine.

Unachotafuta kiko pembeni na chini ya masega ya majana. Chumba cha malkia kinafanana na ganda la karanga lililoning'inia kichwa chini, ngozi yake ina vishimo vishimo. Kikombe kitupu hakina habari, nyuki hujenga vikombe mwaka mzima. Kikombe chenye yai, au buu linaloelea kwenye chakula cheupe kama maziwa, ndiyo taarifa rasmi. Vyumba vikishazibwa, mtafute malkia mzee, na kama humwoni tafuta mayai. Ukikosa mayai kabisa, huenda ameshaondoka.

Idadi nayo inasema. Vyumba vingi, vya umri tofauti, pembezoni mwa masega: wanagawanyika. Kimoja au viwili katikati ya sega: pengine malkia ni mchovu au amekufa na wanamtafutia mrithi. Vya namna hiyo usiviguse. Mwaka wangu wa kwanza nilivivunja nikidhani nazuia bumba, na baada ya miezi miwili mzinga ule ukawa mtupu.

Madume wengi na masega yaliyojaa mpaka malkia hana pa kutaga ni dalili za kutangulia. Nyuki kuning'inia mlangoni kama ndevu kunatisha wageni, lakini mara nyingi ni joto tu.

Kwenye magogo huwezi kukagua, ila unaweza kusikiliza. Siku kama saba nane baada ya bumba la kwanza kutoka, nenda giza likiingia, weka sikio kwenye gogo. Malkia aliyekwisha kutoka chumbani hulia kama filimbi nyembamba, mlio mmoja mrefu kisha mifupi mifupi. Wenzake ambao bado wamefungiwa humjibu kwa sauti nzito, kama bata aliye mbali. Mara ya kwanza nilidhani ni simu ya mtu. Ukiusikia mlio huo, siku moja mbili zijazo tegemea bumba la pili, dogo, lenye malkia bikira.

4. Kugawa kundi

Uwe na mzinga mtupu tayari siku zote za msimu. Ukienda kuutafuta kwa fundi baada ya kuona vyumba, umeshachelewa. Hakikisha viunza vina upana wa milimita 32, ndicho kipimo cha nyuki wetu. Vikiwa vipana zaidi watajenga masega ya kukatiza, na mzinga huo hutaukagua tena.

Mtafute malkia mzee. Huwa kwenye masega yenye mayai mapya, na kwa kipindi hiki amepungua tumbo. Sega alilopo liweke kwenye mzinga mpya pamoja naye, baada ya kuhakikisha halina chumba cha malkia hata kimoja. Ongeza masega mawili ya majana, moja au mawili ya asali na chavua, kisha kung'uta humo nyuki wa masega mengine mawili. Usione ubahili hapo: nyuki wakubwa, wale wa kwenda porini, kesho watarudi mahali walipopazoea, na mzinga mpya utabaki na wale wachanga tu. Upeleke upande mwingine wa manzuki na uupunguzie mlango, upana wa vidole viwili unatosha kulinda.

Mzinga wa zamani unabaki mahali pake bila malkia, ukiwa na vyumba. Acha viwili tu vizuri, vya umri mmoja, kwenye sega moja. Vingine kata. Hapa huruma iliniponza: niliacha sita, eti tahadhari. Wiki iliyofuata malkia wa kwanza akatoka akaondoka na bumba, siku mbili baadaye wa pili naye akaondoka na lake, nikabaki na kundi la kujaza kofia.

Malkia mzee asipoonekana kabisa, gawa masega nusu kwa nusu, kila upande upate mayai, majana na chakula, na upande wenye vyumba upunguziwe vile vile. Baada ya siku 4 angalia: penye mayai mapya ndipo alipo. Kama amebaki na vyumba, vikate hapo hapo, ila kimoja kwenye kiunza chake hamishia upande usio na malkia.

5. Mtego wa mabumba ya porini

Msimu huo huo nyuki wa porini nao wanatafuta nyumba, kwa hiyo tundika mizinga mitupu mapema. Paka nta iliyoyeyushwa katikati ya viunza, paka gundi ya nyuki mlangoni, na sugua ndani kwa majani ya mchaichai, kwani harufu yake inakaribiana na ile ambayo nyuki hutumia kuitana. Kivuli, urefu wa kama mita 3, maji yasiwe mbali. Mzinga uliowahi kukaliwa unanasa kuliko mpya, kwa hiyo usiukwangue ukadhani unausafisha.

Ukiona nyuki kumi ishirini wanaingia na kutoka bila chavua miguuni, wakipima pima kuta, hao ni wapelelezi. Usiuguse. Huenda kesho kundi zima likaja.

6. Bumba likishatua mtini

Bumba lililotoka leo limeshiba asali na halina nyumba ya kulinda, kwa hiyo ni pole. Lililokaa siku tatu kwenye mvua lina njaa, na upole huo usiutegemee. Kwa kuwa hujui ni la lini, vaa kamili. Liking'ang'ania juu sana, au likiwa karibu na shule, mwite afisa nyuki wa wilaya kabla vijana hawajaleta petroli.

Likiwa kwenye tawi la kufikika, nyunyizia maji kidogo, tega boksi chini, na lipige tawi kishindo kimoja kikali. Kutikisa tikisa polepole kunawakasirisha bure. Pindua boksi juu ya shuka, inua upande mmoja kwa jiwe, kaa mbali uangalie. Baada ya dakika chache utaona nyuki wamejipanga kwenye mwanya, vichwa ndani, mikia juu, mabawa yakipepea mpaka unasikia upepo. Maana yake malkia yumo, wanawaita wengine. Wakirudi tawini, yuko tawini, rudia.

Ngoja giza, funga boksi kwa shuka hiyo hiyo, peleka mzingani. Tochi ifunge karatasi nyekundu ya nailoni, nyuki hawaoni rangi nyekundu. Kabla ya kuwamimina, weka sega moja lenye majana mabichi kutoka mzinga mwingine. Hili ndilo nalisisitiza kwa kila anayeniuliza kwa nini bumba lake halikulala. Nyuki wetu hawaoni shida kuukataa mzinga asubuhi yake, lakini kuacha majana yanayohitaji kulishwa ni kugumu kwao. Kama hakuna maua, wape maji ya sukari, kipimo kwa kipimo, ndani ya mzinga na jioni.

7. Siku ya 24

Baada ya kugawa, mzinga ulioachiwa vyumba usiuguse. Malkia mpya akitoka anahitaji siku kadhaa kukomaa, kisha anaruka mchana kupandwa na madume angani, na huko kuna keremkerem, ndege wala nyuki, wanaomsubiri kwenye waya wa umeme. Akirudi salama, siku chache baadaye anaanza kutaga. Mimi nahesabu siku 24 tangu kugawa ndipo nafungua.

Pindisha sega kidogo mwanga uingie kwenye vitundu. Yai moja kila kitundu, limesimama katikati chini, ni kazi ya malkia. Funga, ondoka. Mayai mawili matatu kwenye kitundu kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, ni ya vibarua walioanza kutaga baada ya kukosa mama, na hayo yatatoa madume tu. Kundi hilo likung'ute chini mbele ya mzinga wenye malkia jioni hiyo hiyo, masega mabovu uyayeyushe nta, na mzinga mtupu uutundike kama mtego.