Soul Blade ya PS1: kupigana bila kuvunjiwa upanga

Wakuu, Soul Blade ni gemu ya kupigana kwa silaha kwenye PS1 (PlayStation ya kwanza). Aliyezoea Tekken, gemu ya ngumi na mateke, akiishika lazima afanye kosa hili: anajikinga tu, anasubiri mwenzake achoke. Humu kinachochoka ni upanga wako.

Gemu ni ya Namco. Japani ilitoka PS1 mwishoni mwa 1996 ikiitwa Soul Edge, nje ikaja 1997 kwa jina la Soul Blade. Gemu zote za mfululizo wa Soulcalibur zimezaliwa hapa.

Hatua ya 1: vitufe. Mraba ni pigo la mlalo, pembetatu la wima, duara teke, X kinga. Hapo hapahitaji darasa.

Hatua ya 2: usitazame mstari wa uhai peke yake. Kuna mwingine wa silaha. Kila pigo unalozuia linaupunguza, na ukiisha silaha inakutoka, unabaki na ngumi na mateke mbele ya mtu mwenye panga. Raundi ikiisha unarudishiwa kidogo tu.

Hatua ya 3, na hii ndiyo gemu yenyewe: badala ya kuzuia, rudisha pigo. Bonyeza mbele na X kwa pamoja pale chuma kinapokufikia, si kinaponyanyuliwa. Ukipatia, silaha ya mpinzani inasukumwa kando na anabaki wazi kidogo. Mchape hapo hapo, usishangilie. Fanya mazoezi dhidi ya Rock, mmoja wa wapiganaji wa gemu. Shoka lake zito unaliona likija. Ukianza na mpiganaji Taki utakata tamaa, yule dada hana breki.

Hatua ya 4: mraba, pembetatu na duara kwa mpigo vinatoa Critical Edge, mfululizo wa mapigo. Ila gharama yake inakatwa kwenye mstari ule ule wa silaha. Kama umezuia sana, iache.

MASWALI

Mkuu, silaha nyingine nazipataje?
Ingia Edge Master, sehemu ya gemu ya kucheza peke yako. Unazunguka kwenye ramani, kila pambano na sharti lake. Kila mhusika ana silaha 8, zinatofautiana nguvu, uzito na uimara. Usichukue yenye nguvu kisa jina, angalia uimara kwanza. Na uwe na memori kadi, la sivyo ukizima umeme kesho unaanza upya.

Mdogo wangu ananitoa nje ya ulingo kila siku akicheza na mpiganaji Siegfried. Nifanyeje?
Unarudi nyuma sana. Upanga wake mrefu unataka nafasi, wewe unampa. Ukisikia mgongo unakaribia ukingo, msogelee, umbane.

Kwa TV ya kichogo narudisha mapigo vizuri, kwa flati nachelewa. Nimezeeka?
Hapana mkuu. Flati nyingi zinachelewesha picha kidogo, na hapa kidogo hicho ndicho kila kitu. Washa hali ya gemu kwenye menyu ya TV. Isiposaidia, mwenye kichogo asikiuze.