Jinsi ya Kuandaa Shindano la Matembezi na Kambi kwa Skauti Chipukizi

Mtu anapokabidhiwa kazi ya kuandaa shindano la skauti la mwisho wa juma, kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya basi na kuhesabu mahema ya kuazima. Ningekushauri uyaache hayo kwanza, ukae mezani na karatasi tupu, uandike alama zitatolewa kwa jambo lipi na lipi. Karatasi hiyo ya alama ndiyo itakayoamua njia mtakayopita, idadi ya vituo vya majaribio njiani, idadi ya waamuzi, hata uzito wa mikoba. Ukiikosea, watoto watafanya sawasawa yale uliyoyawekea alama, hata kama siyo uliyoyakusudia. Ukimtunuku wa kwanza kufika, watakimbia, na yule mdogo mwenye pumzi fupi ataburutwa njia nzima kama mbuzi wa sokoni.

Anayeshindana ni patroli, yaani kikundi kidogo cha skauti, si mtoto mmoja mmoja. Ndivyo ilivyokuwa tangu Agosti 1907, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipowapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akawagawa katika patroli nne, kila moja chini ya kiongozi kijana. Kwa Chipukizi wa shule zetu za Kenya, patroli ya watoto sita inatosha: mmoja akiumia, wawili watabaki naye na watatu watakwenda kuita msaada. Mgawanyo wa alama ninaoutumia mimi ni 25 kwa kusoma ramani na kuifuata njia, 35 kwa kazi za vituoni, 25 kwa kambi na upishi, na 15 kwa namna wanavyotunzana njiani. Mwendo wa kasi haupati hata alama moja. Muda huwekewa mipaka miwili tu, na patroli inayofika mapema kupita kiasi hukatwa alama sawasawa na ile inayochelewa. Wapo viongozi wenzangu wanaosema kuwa shindano lisilo na saa halina utamu. Nawaheshimu, lakini wengi wao hawajawahi kumbeba mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeishiwa nguvu ukingoni mwa kilima.

Njia na hesabu ya saa

Nitachukua mfano wa Milima ya Ngong, kwa kuwa iko karibu na shule nyingi za Nairobi na Kajiado na njia yake haipotezi watu ovyo. Unaingia upande wa mji wa Ngong, unafuata mgongo wa milima kuelekea kusini ukipanda na kushuka kilele baada ya kilele hadi Lamwia, ambacho ndicho kirefu kupita vyote kwa mita 2,460, kisha unateremka hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Ni mwendo wa kama kilomita 12. Eneo hilo ni msitu wa serikali, hivyo wasimamizi wa misitu waandikiwe barua mapema, walipwe ada za kuingia, na waombwe askari wenye silaha wa kufuatana nanyi, hasa katika sehemu ya kusini ambako watu ni wachache na nyati huonekana mara mojamoja.

Muda wa safari hukadiriwa kwa kanuni aliyoitoa William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kilomita 12 na jumla ya mita 600 za kupanda, unapata saa tatu na dakika 24. Naismith, hata hivyo, alikuwa akihesabia mtu mzima mwenye miguu iliyozoea. Kwa watoto wenye mikoba, ongeza nusu ya muda huo, nawe utapata saa tano na dakika 6. Ukiwa na vituo sita vya dakika 15 kila kimoja, ongeza saa moja na nusu, jumla iwe saa sita na dakika 36.

Hapa ndipo nilipoteleza mara ya kwanza nilipopewa kazi hii. Nilikuwa na patroli nane, nikaziachia zianze kwa kupishana dakika tano, nikidhani nimeokoa asubuhi. Kituo cha kwanza kilihitaji dakika 15 kwa kila patroli na kilikuwa na mwamuzi mmoja. Sihitaji kukueleza sana: patroli ya pili ilingoja dakika 10, ya tatu 20, na ya nane ilikaa kwenye nyasi dakika 70, watoto wakitafuna mkate uliokusudiwa kuliwa saa sita mchana. Tuliishia kushuka Kona Baridi kwa tochi. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja, kwamba nafasi kati ya patroli na patroli isiwe fupi kuliko kituo kinachochukua muda mrefu zaidi. Patroli ya kwanza ikianza saa moja kamili asubuhi na nyingine zikifuata kila dakika 15, ya nane itaondoka saa tatu kasorobo na kufika kama saa tisa na dakika 20 alasiri. Jua la huku kwetu huzama karibu saa kumi na mbili u nusu na giza huingia ghafla, kwa hiyo unabaki na akiba ya saa tatu kwa lolote litakalozuka.

Epuka miezi ya masika, kati ya Machi na Mei, na ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Julai hakuna mvua nyingi, ila ukungu unaweza kulala juu ya mgongo wa milima hadi karibu na adhuhuri, na patroli mbili zikapishana bila kuonana. Radi ikianza kusikika, kila aliye kileleni ashuke mara moja na shindano lisimame. Jambo hilo liandikwe ndani ya kanuni ili asitokee wa kulalamikia alama zake.

Vituo

Kila kituo kiwe na waamuzi wawili na karatasi inayosema waziwazi kile kinachotazamwa. "Huduma ya kwanza, alama 10" si karatasi ya alama. Ni mwaliko wa ugomvi. Nilikaa kituo hicho mwaka mmoja, kijana wa Rova, yaani skauti mkubwa, akijifanya ameteguka kifundo cha mguu. Patroli moja ilifika mbio, wawili wakavunja matawi ya mti mbichi kutengeneza machela, wengine wakabishana juu ya fundo, na mgonjwa akabaki amelala juani bila kuulizwa hata jina. Patroli iliyofuata ilikuwa na binti mdogo aliyepiga magoti kabla ya yeyote, akamuuliza anaumwa wapi, akamvua kiatu taratibu, akamwekea mkoba chini ya mguu, kisha akawageukia wenzake: "Nani ana sweta kavu?" Bandeji yao haikupendeza hata kidogo. Lakini karatasi yetu ilitenga alama mbili kwa kumtuliza mgonjwa, mbili kwa kumkinga na jua au baridi, mbili kwa kuinua mguu, mbili kwa bandeji na mbili kwa kutuma ujumbe unaosema mahali walipo, na kwa hesabu hiyo waliwashinda wenzao kwa mbali.

Vituo vingine vinaweza kuwa vya mafundo, vya kukadiria urefu wa mti au upana wa bonde bila kipimo, na vya dira. Kwa kituo cha dira, habari njema ni kwamba eneo la Nairobi tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli ni ndogo mno, kwa hiyo Chipukizi hawana haja ya kuhangaishwa na masahihisho yake. Watosheke kujua kwamba kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita mbili ni kilomita moja, na kwamba dira haisomwi karibu na mkanda wa chuma wala simu.

Kituo ninachokipenda kuliko vyote ni cha alama za njia, zile zinazopangwa kwa mawe na majani yaliyofungwa: mshale wa kufuata, msalaba wa "usipite hapa", na mwishoni duara lenye nukta katikati, maana yake "nimekwenda nyumbani". Duara hilo limechorwa kwenye kaburi la Baden-Powell huko Nyeri, alikofariki tarehe 8 Januari 1941. Watoto wakiambiwa hivyo baada ya kuipata alama ya mwisho, hunyamaza kidogo, na hiyo ni nadra kwa Chipukizi.

Maji, kambi na chungu

Mgongo wa Ngong hauna kisima wala mto wa kutegemea. Kila mtoto aanze na lita mbili za kunywa mgongoni, na katikati ya njia kuwe na mahali pa kujaza tena. Kwa kambi nzima, tangu Jumamosi asubuhi hadi Jumapili mchana, mimi huhesabu lita 10 kwa kila mtu, ikiwa ni kunywa, kupika na kunawa. Watoto 48 wa patroli nane na watu wazima wa patroli, vituo na jikoni kwa jumla wakikaribia 70, hiyo ni lita 700, yaani mitungi 35 ya lita 20, ambayo lazima iwe imefika kambini kabla ya patroli ya kwanza.

Kambi isipigwe kileleni, hata watoto wakililia jambo hilo kwa sababu ya mandhari. Upepo uliovuta mitambo ya umeme ijengwe kwenye milima hiyo ndio utakaong'oa vigingi vyenu usiku. Tafuta uwanja wa shule au kiwanja chenye ua upande wa chini, penye lango na mlinzi, na penye njia ya gari hadi mlangoni. Mahema ya wasichana yawe upande wake na viongozi wa kike, ya wavulana upande wake, na vyoo viwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka jikoni na kwenye maji.

Kuhusu chakula sina mjadala: mwandaaji ndiye agawe posho, na iwe sawa kwa wote. Shule moja ikija na soseji na jiko la gesi la kisasa, na nyingine na sufuria moja iliyopinda, hushindanishi skauti, unashindanisha mifuko ya wazazi. Kwa chakula cha jioni cha watoto sita mimi hugawa kilo moja na nusu ya unga wa ugali, nusu kilo ya ndengu zilizolowekwa tangu asubuhi, mafungu mawili ya sukuma wiki, nyanya, vitunguu, mafuta na chumvi, pamoja na jiko na makaa ya kiasi kilekile. Mwamuzi asitoe alama za utamu, kwa maana ulimi wa mtu una kabila na kijiji chake. Atazame mikono imenawiwa, chakula kimeiva, kila mmoja amepata sehemu yake, na sufuria imesuguliwa kabla ya kulala.

Ruhusa na usalama wa watoto

Kamishna wa skauti wa kaunti ndogo na wakuu wa shule waandikiwe mapema, na kila mzazi atie sahihi fomu inayotaja pumu, kifafa, mzio wa chakula au wa nyuki, na dawa anazotumia mtoto. Fomu hizo zikae kwa mtu wa huduma ya kwanza kambini, siyo ndani ya kabati ya ofisi shuleni. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamtaka kila mtu anayemshughulikia mtoto atangulize maslahi ya mtoto huyo. Kwetu sisi maana yake ni kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja hemani, garini wala kichakani, na hakuna adhabu ya kumwamsha mtoto usiku akimbie uwanjani, hata kama wewe ulilelewa hivyo.

Kila patroli ifuatwe na mtu mzima anayetembea nyuma yake hatua hamsini bila kutoa ushauri, na wa mwisho kabisa awe mfagiaji wa njia ambaye hampiti mtoto yeyote. Kila skauti abebe filimbi na ajue kwamba mipulizo sita ndani ya dakika moja ni kuomba msaada, na kwamba jibu lake ni mipulizo mitatu. Gari moja lisimame Kona Baridi siku nzima likiwa na mafuta na dereva asiyetumwa kokote, na dereva huyo awe amekwisha kupita njia ya kwenda hospitali iliyo karibu mchana uliotangulia.

Jumapili

Kubomoa kambi nako kuna alama, tena ndiko kunakotofautisha patroli zilizochoka na zilizofundishwa. Baada ya mahema kukunjwa, patroli yote isimame msitari mmoja, bega kwa bega, itembee kiwanja chake kuokota hata kizibo cha chupa, wakati mwamuzi akifuata nyuma. Alama zijumlishwe na watu wawili, kila mmoja kwa karatasi yake. Patroli mbili zikilingana, iliyopata zaidi kwenye alama 15 za kutunzana ndiyo itangulie. Kila kiongozi wa patroli apewe nakala ya karatasi yake kabla matokeo hayajatangazwa, akae dakika kumi na wenzake waisome, na mwenye swali alilete wakati huo kwa mwamuzi wa kituo husika. Kisha majina yasomwe tena, basi kwa basi, na injini isiwashwe mpaka hesabu itimie 48.