Ukichora mti wa ukoo wa Epirus, anza na mabinti

Mara ya kwanza nilianza na wanaume. Hadi jioni karatasi ilikuwa imejaa akina Michael na John, na bado sikuelewa nani aligombana na nani, wala kwa nini. Sasa nafanya hivi.

Chukua karatasi ya manila, penseli na kalamu nyekundu. Juu andika Arta, mji mkuu wa Epirus, dola ya Kigiriki ya zama za kati magharibi mwa Ugiriki ya leo, ambako tawi la ukoo wa Komnenos Doukas lilijijenga baada ya wapiganaji wa msalaba kuiteka Constantinople (Istanbul ya leo), mji mkuu wa Byzantium, mwaka 1204. Chini yake weka Michael II, mtawala wa Epirus, na mkewe Theodora. Mama huyu usimruke: mumewe alimfukuza akakaa na hawara, akaja kumrudisha baadaye. Leo Waorthodoksi wanamheshimu kama mtakatifu, na kanisa lake bado lipo Arta.

Nyekundu ni ya ndoa. Vuta mstari kutoka kwa binti yao Helena hadi kwa Manfred, mfalme wa Sicily, na mwingine kutoka kwa Anna hadi kwa William wa Villehardouin, mtawala wa Achaea, kusini mwa Ugiriki. Pembeni ya Helena andika Corfu (kisiwa) na Durrës (mji wa pwani), mali aliyokwenda nayo kwa mumewe. Huko mali ilitoka kwa wazazi wa binti kwenda kwa mume, kinyume na mahari yetu. Ukishaandika hivyo utaona mara moja kwa nini mwaka 1259, kwenye vita vya Pelagonia, William alikuja mwenyewe, naye Manfred akatuma askari: walikuwa wakimsaidia baba mkwe dhidi ya Nicaea, dola nyingine ya Kigiriki iliyoshindana na Epirus.

Mtoto wa Michael wa nje ya ndoa, John, mpe mstari wa nukta. Hizo nukta ni muhimu sana. Pachymeres, mwanahistoria wa Byzantium, anasimulia kwamba John alitukanwa na William kwa kuzaliwa kwake, akahamia kwa adui. Muungano ukavunjika, William akatekwa.

Nikephoros, mwana wa Michael na Theodora, ana wake wawili, wape namba. Wa 1 alitoka ukoo wa Laskaris wa Nicaea, akafariki. Wa 2 ni mpwa wa Michael VIII Palaiologos, mfalme wa Nicaea, yule yule ambaye jeshi lake lilishinda Pelagonia.

Kisha rudi kwa Helena. Manfred aliuawa kwenye vita vya Benevento, Italia, mwaka 1266. Charles wa Anjou, Mfaransa aliyemshinda na kuchukua ufalme wake, akamkamata mjane huyo na watoto wake, naye akafia kifungoni mwaka 1271, huku Charles akidai mali ile ya harusi kuwa yake. Andika mwaka huo chini ya jina lake, kisha kwa penseli, si kwa nyekundu, vuta mstari kutoka Corfu hadi kwa Charles.