Halloween nyumbani na mbwa na paka: anza kupanga mlangoni

Nina miaka sita nikiwa msaidizi kwenye kliniki ya wanyama hapa Des Moines, Iowa, na asubuhi ya baada ya Halloween najua kabisa nitakachokuta kazini: mbwa waliokula chokoleti, na simu za watu ambao paka wao hawakurudi nyumbani. Sisi tuliotoka Kongo, Burundi na Tanzania hatukukua na sikukuu hii ya watoto kuvaa mavazi ya ajabu na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, wala hatukuzoea mbwa anayelala sebuleni. Sasa watoto wanavitaka vyote viwili. Na hata kama kwenu hamsherehekei, watoto wa jirani watabonyeza kengele vilevile na mbwa atabweka vilevile, kwa hiyo hatua ya tatu na ya nne ni za kila mtu.

Hatua ya 1: Jua saa, kisha hesabu kurudi nyuma

Halloween ni tarehe 31 Oktoba, lakini siku na saa za watoto kupita nyumba kwa nyumba hupangwa na mji. Des Moines ilikuwa na usiku wake, Beggars' Night (Usiku wa Waombaji), tarehe 30 Oktoba tangu mwaka 1938; mwaka 2024 hali mbaya ya hewa ikausogeza hadi tarehe 31. Kwa hiyo angalia tangazo la mji wako kila mwaka, usitegemee la mwaka jana.

Hapa kwetu watoto hupita saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Basi mbwa atembezwe saa 10, tena matembezi ya kweli, siyo kuzunguka gari. Ale saa 11. Ajisaidie kabla ya saa 12, akiwa kwenye kamba hata kama ua una uzio. Paka wa kutoka nje aingizwe ndani kabla giza halijaingia.

Kuna desturi moja ya hapa naipenda: mtoto hapewi pipi mpaka atoe kichekesho au kitendawili. Mwaka wa kwanza binti yangu hakuwa na kichekesho cha Kiingereza, nikamwambia atafsiri vya kwetu. Tukafanya mazoezi jikoni: "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu kubwa haina taa." Jibu ni kaburi. Kwa usiku wa mizimu, utapata wapi kingine kinachofaa namna hiyo? Mzee wa nyumba ya kona alicheka hadi akampa pipi mara mbili.

Hatua ya 2: Vazi, na ruhusa ya kulikataa

Mavazi ya wanyama yanayouzwa madukani mengi yana mpira wa kubana na vitufe vya kutafunwa. Mimi huchukua kipande cha kitenge, namfunga mbwa wetu Bosi shingoni kwa ulegevu, vidole viwili vipite katikati, basi. Anaonekana kama mwenyekiti wa kijiji.

Jaribu wiki moja kabla, dakika tano tu, huku unampa vipande vya kuku. Mwangalie. Akilamba midomo ovyo, akipiga miayo bila usingizi, akibana mkia au akionyesha weupe wa macho, hataki. Mbwa akiganda kama sanamu watu husema anapozi, hapana, ameogopa. Vua. Paka usimsumbue kabisa.

Hatua ya 3: Mlango

Hapa ndipo usiku unapoharibika. Mwaka wetu wa pili nilifungua mlango nikiwa na bakuli la pipi mkononi, Bosi akapenya katikati ya miguu yangu. Tulimpata mtaa wa tatu, saa mbili baadaye. Alikuwa na mikrochipu, ile chipu ndogo ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, ila namba iliyosajiliwa ilikuwa ya simu niliyokwisha kuiacha. Na mimi ndiye ninayewakumbusha wateja!

Kwa hiyo leo, kabla hujaendelea kusoma, hakikisha namba iliyosajiliwa kwenye chipu ni unayoitumia sasa, na kola ina kibati chenye namba hiyohiyo.

Usiku wenyewe, chumba cha mbali na mlango kiwe cha mnyama: kitanda chake, maji, sanduku la mchanga la paka, na redio kwa sauti ya kufunika kengele. Ningekuwa wewe ningeacha kengele kabisa: weka kiti barazani, kaa na bakuli hukohuko nje. Mlango usipofunguliwa, hakuna wa kutoroka.

Hatua ya 4: Pipi

Mfuko wa mtoto uwekwe juu ya friji mara tu anapoingia, siyo kitandani kwake. Chokoleti nyeusi ni mbaya zaidi kuliko ya maziwa. Mbwa wa kilo 10 anaweza kuanza kutapika na kuhangaika kwa takriban gramu 100 za chokoleti ya maziwa. Ile chungu ya kuokea keki, gramu 15 zinatosha. Zabibu kavu zinaweza kuua figo zake. Bigijii isiyo na sukari ndiyo ninayoiogopa kuliko zote: ikiwa lebo inataja xylitol, kitia utamu kinachotumika badala ya sukari, sukari ya damu ya mbwa inaweza kuporomoka ndani ya saa moja.

Akishakula, usimnyweshe chumvi wala mafuta ili atapike. Usisubiri dalili pia. Za chokoleti huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Chukua ganda, kadiria amekula kiasi gani, pigia daktari wake. Kwa Marekani, kituo cha sumu cha wanyama cha ASPCA, shirika la kutetea wanyama, hupokea simu saa 24 kwa 888-426-4435, ila wanaweza kukutoza.

Hatua ya 5: Mchezo wa ndani

Watoto wakisharudi na nje kumetulia, mtoe mnyama naye apate yake. Panga makasha matupu kumi sebuleni, ficha kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala kitunguu kwenye matatu, mwache anuse. Au acha vipande vya tufaha visivyo na mbegu vielee kwenye beseni lenye maji kidogo. Sakafu italowa.

Hatua ya 6: Boga

Ndani ya boga la Halloween lililochongwa sura, weka taa ya betri, siyo mshumaa. Mkia wa paka hauoni moto. Boga lililochongwa likishaota ukungu, litupe pasipofikika, maana ukungu huo unaweza kumtia mbwa kifafa. Ambalo halijachongwa lipike. Bosi hupata vijiko viwili kabla sijatia nazi.