Molekuli ya ubongoni: jinsi ya kuanza na kipokezi cha A2A kwa laptopu ya kawaida

Kahawa tungu ya Mji wa Kale, Mombasa, hufukuza usingizi kwa sababu kafeini hukalia kipokezi cha adenosini (kemikali ya mwili inayoleta usingizi) aina ya A2A bila kukiamsha, na adenosini yenyewe ikifika hukuta nafasi imechukuliwa. Molekuli ya namna hiyo huitwa antagonisti. Kipokezi hichohicho ndicho kinacholengwa na istradefilini, dawa ya kuongezea kwenye matibabu ya ugonjwa wa Parkinson, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2013 na Marekani mwaka 2019. Kwa mwanafunzi wa kemia au famasia aliyeko Tudor au Kisauni na laptopu yenye RAM ya gigabaiti 8, ni vigumu kupata kipokezi bora cha kujifunzia: umbo lake limepimwa mara nyingi, data zake ni za bure, na programu zote zilizotajwa hapa hazilipiwi.

Wengi huanza kwa kutafuta molekuli inayoshika kipokezi kwa nguvu, kisha wanagundua mwishoni kwamba haifiki ubongoni. Geuza mpangilio huo. Uliza kwanza kama itaingia.

Alama sita za kuingia

Kipimo kinachofaa kuanzia ni CNS MPO, kilichochapishwa na wanakemia wa kampuni ya dawa ya Pfizer mwaka 2010. Sifa sita, kila moja hupewa alama kati ya 0 na 1:

- clogP (hesabu ya kupenda mafuta kuliko maji): 3 au chini hupata 1; zaidi ya 5 hupata 0.
- clogD (hesabu hiyohiyo, chaji ikizingatiwa) kwenye pH 7.4: 2 au chini hupata 1, zaidi ya 4 hupata 0.
- Uzito wa molekuli: 360 au chini hupata 1, zaidi ya 500 hupata 0.
- Eneo la polari, TPSA: kati ya 40 na 90 hupata 1, 20 na chini, au zaidi ya 120, hupata 0.
- Hidrojeni za OH na NH: 0 hupata 1, moja 0.83, mbili 0.5, tatu 0.17; nne hupata 0.
- pKa ya besi yenye nguvu zaidi: 8 au chini hupata 1, zaidi ya 10 hupata 0.

Katikati ya mipaka piga hesabu ya mstari mnyoofu. Istradefilini ina uzito wa 384.4, kwa hiyo (500 − 384.4) ÷ 140 = 0.83. Jumla ya 4 na zaidi ndiyo inayotafutwa; katika dawa 119 za ubongo zilizokuwa sokoni, asilimia 74 zilifika hapo.

RDKit, maktaba ya kemia ya Python, itakupa uzito, TPSA na idadi ya hidrojeni kwa mistari michache ya Python. Haitakupa pKa wala clogD. Hizo zitafute kwingine. Tena logP yake si clogP ileile ya makala ya 2010, na tofauti kati yake inaweza kubadilisha alama yako. Mtego mwingine ni kwamba NumHDonors huhesabu atomu zinazobeba hidrojeni, wakati NHOHCount huhesabu hidrojeni zenyewe. Kundi la NH2 ni 1 kwa ya kwanza, 2 kwa ya pili. Chagua moja na usibadilishe katikati ya mradi.

Sasa jaribu kafeini, kwa SMILES yake (muundo wa molekuli kwa maandishi): Cn1cnc2c1c(=O)n(C)c(=O)n2C. Uzito 194.2, TPSA 61.8, hidrojeni 0, besi dhaifu mno. Inapata 6 kati ya 6. Lakini inashika A2A kwa kiwango cha maikromola tu, na inashika A1, kipokezi kingine cha adenosini, pia. Alama hizi hazisemi lolote kuhusu kipokezi.

Kisha jaribu ZM241385, antagonisti maarufu wa maabarani anayeshika A2A kwa takriban nanomola 1: Nc1nc(NCCc2ccc(O)cc2)nc2nc(nn12)-c1ccco1. TPSA ni 127, inapata 0. Hidrojeni ni nne, 0 nyingine. Zile nne zilizobaki zinaibeba hadi 4, nayo inaonekana imefaulu. Ndiyo maana usiangalie jumla peke yake. Molekuli yenye sifuri mbili irudishwe mezani hata kama jumla inapendeza.

Kuna jambo ambalo alama hazilioni kabisa, nalo ni pampu ya P-glikoprotini kwenye kuta za mishipa ya ubongo. Loperamidi, ya kuzuia kuhara, inayopatikana katika duka lolote la dawa, ni opioidi (jamii ya mofini) kamili kwa kipokezi chake. Mnywaji wa kipimo cha kawaida hapati athari za kiopioidi ubongoni kwa sababu pampu huirudisha kwenye damu.

Kuandaa kipokezi

Pakua muundo wa 4EIY kutoka PDB, hifadhi ya bure ya miundo ya protini. Una ZM241385 ndani yake na umepimwa kwa angstromu 1.8, jambo adimu kwa vipokezi vya utando. Unaonyesha kipokezi kilicholala, chenye ioni ya sodiamu karibu na amino asidi ya Asp52, kwa hiyo unafaa antagonisti. Ukitaka agonisti, yaani molekuli inayokiamsha kipokezi, tumia 2YDO yenye adenosini; kupachika (docking, kuiingiza molekuli shimoni kwa kompyuta) agonisti ndani ya 4EIY ni kujidanganya.

Ndani ya faili kuna vitu visivyo vya mwili. Kitanzi cha tatu cha ndani kimebadilishwa kwa protini ya BRIL ili fuwele ziundike; amino asidi zake zina namba zaidi ya 1000. Zifute. Futa pia lipidi na kolesteroli. Ligandi, yaani molekuli iliyoshikwa (hapa ZM241385), yenye jina ZMA, ihifadhi kwenye faili lake. Maji yapo mengi: andaa nakala mbili, moja bila maji na moja yenye maji yaliyo karibu na ligandi, uzijaribu zote. Ongeza hidrojeni, kisha kagua histidini kwa macho, hasa His250, His264 na His278. Programu hukisia protoni zake, na His264 inatakiwa iwe na chaji ili ishikane na Glu169 mlangoni mwa shimo.

Kupachika, na namna ya kutojidanganya

Tengeneza sanduku la kutafutia la angstromu 22 kila upande, kitovu chake kikiwa katikati ya ZMA, na uliandike kwenye sanduku.txt. Kisha, kwa programu ya kupachika ya AutoDock Vina:

vina --receptor a2a.pdbqt --ligand zm.pdbqt --config sanduku.txt --exhaustiveness 32 --seed 7

Thamani ya kawaida ya exhaustiveness, yaani bidii ya kutafuta, ni 8. Kwa shimo hili ipandishe hadi 32. Andika kila tokeo kwenye faili lake mara linapotoka, maana stima ikikatika usiku utapoteza molekuli moja badala ya mia. Na laptopu ikiwa mezani bila nafasi ya hewa chini yake, kwa joto la Pwani itajipunguzia kasi yenyewe.

Kabla ya molekuli mpya yoyote, rudisha ZM241385 mahali pake. Ianzishe kutoka SMILES, usitumie umbo lililotoka kwenye fuwele, kwani hilo tayari limejipinda sawasawa. Pima umbali wake na ile ya fuwele kwa CalcRMS ya RDKit. Angstromu 2 au chini inakubalika. Usitumie GetBestRMS: hiyo huzilaza molekuli mbili juu ya nyingine kwanza, na molekuli iliyotupwa nje ya shimo inaweza kupata namba nzuri. Mkia wa fenoli huelekea nje na hulegea, kwa hiyo pima kiini peke yake pia. Kisha tazama kwa macho: NH2 na oksijeni ya furani zinatakiwa zimwelekee Asn253, na pete kuu ilale juu ya Phe168. Kama haviko hivyo, acha kila kitu urekebishe kipokezi.

Namba ya Vina si nguvu ya kushika. Waandishi wake, Trott na Olson, walipata kosa la wastani la takriban kcal/mol 2.85, na kcal/mol 1.36 tu ni tofauti ya mara kumi. Kwa hiyo −9.1 na −8.7 ni kitu kimoja. Tumia kupachika kutupa zisizoingia shimoni. Kupanga nafasi ya kwanza na ya pili uiachie maabara. Molekuli kubwa pia hupendelewa kwa ukubwa wake tu.

Data za kulinganishia zitoe ChEMBL, hifadhidata ya bure ya majaribio ya molekuli: CHEMBL251 ni A2A ya binadamu, CHEMBL226 ni A1. Chukua Ki (kipimo cha nguvu ya kushika; ndogo ndiyo kali) za majaribio ya kushika, zenye alama ya "=" pekee. Ukichanganya Ki na IC50 (kiwango kinachozuia nusu) utapata grafu ya vumbi.

Kubadilisha molekuli

Badilisha kitu kimoja kila mara. OH ya fenoli ikiwa fluorini au OCH3 hupunguza hidrojeni moja na TPSA kwa karibu 20 au 11. Besi yenye nguvu mno hupozwa kwa kuweka fluorini kaboni ya pili kutoka nitrojeni. Furani ni kishawishi: inashika vizuri, lakini vimeng'enya vya ini vinaweza kuifungua kuwa kitu kinachojifunga kwenye protini.

Fuatilia LLE, yaani pKi (logi hasi ya Ki) kutoa clogP. Ki ya nanomola 60 ni pKi 7.2, clogP ikiwa 2.2, LLE ni 5, na hapo ndipo pa kulenga. Mabadiliko yanayopandisha pKi na clogP kwa pamoja hayajakupa kitu, umenunua mafuta.

Maabarani

Jaribio la kushika hutumia ZM241385 yenye tritiamu, na kwa Kenya mionzi inahitaji kibali cha KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia. Utando wa seli uupe kwanza adenosini diaminasi, kimeng'enya kinachovunja adenosini, yuniti 1 hadi 2 kwa mililita. Ukisahau hatua hii, adenosini iliyomo kwenye utando itashindana na molekuli yako na Ki zote zitaharibika. Kiyeyusho cha DMSO kisizidi asilimia 1. Badilisha IC50 kuwa Ki kwa kugawa na (1 + L/Kd): IC50 ya nanomola 120, L (kiasi cha ligandi yenye tritiamu) ikiwa 1 na Kd (nguvu yake ya kushika) 1, inatoa Ki ya 60.

DMSO hunywa maji ya hewani, na hewa ya Mombasa inayo ya kutosha. Gawa myeyusho wa milimola 10 katika vichupa vya maikrolita 20, fungua kila kimoja mara moja tu. Familia ya istradefilini, yenye kifungo maradufu kando ya pete, hugeuka umbo ikipigwa na mwanga, kwa hiyo tumia vichupa vya kahawia na usiviache dirishani.

Kwenye seli za MDCK-MDR1, zilizopewa pampu ya P-glikoprotini, uwiano wa kutoka kwa kuingia ukizidi 2.5 shuku pampu; lakini kagua kwanza kama molekuli uliyoweka imerudi yote au imeganda kwenye plastiki. Katika wanyama, ambako utahitaji pia kibali cha maadili, usifurahie Kp tupu, yaani uwiano wa dawa yote ubongoni kwa damuni. Zidisha kwa sehemu huru (isiyoshikwa na protini wala mafuta) ya ubongo, gawa kwa sehemu huru ya damu. Kp ya 3, yenye 0.01 ubongoni na 0.05 kwenye damu, ni 0.6 tu. Kp ya 0.5, yenye 0.2 na 0.1, ni 1.0, na hiyo ndiyo ya kuendelea nayo.