Kulipa serikali na kulipwa na serikali: chagua njia ambayo hela yako haitapotea

Watu wengi ukiwauliza wanapenda kuilipa serikali kwa njia gani watakwambia simu, na kupokea je, simu hiyohiyo, basi imeisha. Mimi sikubaliani, maana hizi ni safari mbili tofauti na kila moja ina pa kupotezea hela. Ukilipa, hela inaondoka na wewe unabaki na ushahidi tu. Ukipokea, swali ni hela inaingia mkononi mwa nani. Kwa hiyo njia ya kulipa ichague kwa ushahidi inaokuachia, na njia ya kupokea ichague kwa jina lililo kwenye akaunti, mambo ya makato na foleni na haraka yatafuata baadaye.

Tuanze na kulipa. Malipo mengi ya serikali siku hizi, iwe kodi, faini, leseni au ada ya pasipoti, yanakwenda na namba ya malipo, ile namba ndefu unayopewa kwenye bili. Hiyo namba ndo inauambia mfumo hela hii ni ya nani na inalipia nini, jina lako peke yake halitoshi kabisa. Mimi niliwahi kulipa ada ya leseni kwa kuhamisha kutoka benki, pale kwenye sehemu ya maelezo nikaandika namba kwa mkono na nikaweka herufi O mahali pa sifuri. Hela ikatoka, meseji ya benki ikaja, nikalala usingizi mzuri. Wiki tatu baadaye naambiwa nina deni na faini juu, kumbe hela ilishafika siku nyingi, imekaa tu kwenye kapu la malipo yasiyojulikana ni ya nani. Nilikwenda na kurudi zaidi ya mwezi mzima, na kilichoniokoa ni karatasi moja ya benki yenye namba ya muamala.

Tangu siku hiyo nafanya hivi na wewe fanya. Namba ya malipo usiiandike kwa kichwa, ikopi na kuipesti, na kama huwezi basi isome kwa sauti tarakimu nne nne huku unaangalia bili. Kabla hujaweka namba ya siri subiri skrini ikuletee jina la mlipaji na aina ya malipo, mifumo mingi inaonyesha, ukiona jina si lako simama hapohapo. Ukishalipa chukua risiti mbili, ya benki au ya simu inayoonyesha hela imetoka, na ya serikali inayoonyesha deni limefutwa. Hii ya pili ndo watu wanaisahau! Meseji ya kwanza inasema tu hela imekutoka, haisemi imepokelewa kama malipo yako. Ingia kwenye akaunti yako ya mlipakodi siku mbili tatu baadaye uhakikishe salio la deni ni sifuri, alafu piga skrinishoti na ujitumie kwenye barua pepe, simu inaibiwa.

Kuhusu makato, usidhani njia zote zina bei moja. Kadi ya mkopo mara nyingi ndo ghali, kwa sababu serikali inataka deni lake lote bila kupungua hata senti, hivyo gharama ya kampuni ya kadi unabebeshwa wewe. Kule Marekani mamlaka ya kodi IRS ina huduma inaitwa Direct Pay inayotoa hela moja kwa moja kwenye akaunti ya benki na haina makato, lakini ukilipa kodi hiyohiyo kwa kadi ya mkopo unaongezewa asilimia fulani. Bili ni moja ila bei mbili, na mtu asiyeuliza analipa ile kubwa. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza soma mstari wa jumla ya mwisho, ukiona imezidi kiasi cha bili rudi nyuma ujaribu njia nyingine.

Malipo ya kukatwa yenyewe kila mwezi nayapenda kwa deni lisilobadilika na siyapendi kwa deni linalopandapanda. Uingereza watu wengi sana wanalipa hivyo kodi ya halmashauri, na kule kuna dhamana kwamba ikikatwa kimakosa benki inakurudishia mara moja na yote. Kama unapoishi hakuna dhamana ya namna hiyo, mimi ningesema lipa mwenyewe kwa mkono, na tena usingoje siku ya mwisho, siku hiyo kila mtu yuko kwenye mfumo na mfumo unalemewa, halafu uhamisho wa benki unaweza kuchukua siku moja mpaka tatu za kazi na ukafika umechelewa.

Na wale wanaopenda kwenda dirishani na noti mkononi siwalaumu hata kidogo. Mtu anataka kuona muhuri unagongwa. Ila ukienda, usiondoke na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu tu, dai risiti yenye namba, na hela usimpe mtu aliyesimama nje ya dirisha hata awe amevaa kitambulisho shingoni.

Sasa kupokea, na hapa naomba usome taratibu maana ndipo wanyonge wanapoumia. Pensheni, ruzuku, marejesho ya kodi, hela za msaada, zote zinahama kutoka karatasi kwenda kwenye akaunti. Serikali kuu ya Marekani ilipanga kuacha hundi za karatasi kwa malipo yake mengi kuanzia tarehe 30 Septemba 2025. Denmark walishatangulia miaka mingi, kila raia ana akaunti moja aliyoichagua inayoitwa NemKonto na malipo yote ya serikali yanaangukia humo. Thailand wana PromptPay, mfumo wa kutumiana hela ambao mtu anauunganisha na namba yake ya kitambulisho, hata marejesho ya kodi yanafika kwa njia hiyo. Na usifikiri lazima uwe na simu ya bei mbaya, Togo mwaka 2020 wakati wa korona watu walijiandikisha kupata msaada wa Novissi kwa kupiga namba fupi kwenye simu yoyote, hela ikaingia kwenye simu hiyohiyo bila intaneti.

Kanuni yangu ya kwanza: akaunti iwe na jina lako wewe. Si ya mume, si ya kaka, si ya mtoto aliyesoma. Hata kama mnapendana. Jina kwenye akaunti lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye kitambulisho, kwa sababu tofauti ya herufi moja inaweza kufanya malipo yarudi yalikotoka. Laini ya simu nayo iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako, na kama umebadilisha namba nenda ukaibadilishe na huko serikalini, wengi wanabadilisha laini wakasahau kwamba hela bado inatumwa kule kwa zamani.

Ya pili, jua kitambulisho chako kimefungwa kwenye akaunti ipi. India mwaka 2017 kulikuwa na watu waliokuwa wakipata ruzuku ya gesi ya kupikia, hela zikaacha kuonekana benki, kumbe walipokwenda kuthibitisha laini zao kampuni moja ya simu iliwafungulia akaunti mpya wao hawajui, na kwa kuwa mfumo unatuma hela kwenye akaunti ya mwisho iliyounganishwa na kitambulisho, ruzuku ikahamia huko. Hakuna aliyewavamia, waliweka alama ya kidole tu. Kwa hiyo kila unapoweka alama ya kidole au kukubali masharti, uliza hii inafungua nini, na kila baada ya miezi kadhaa hakiki akaunti yako ya kupokelea bado ni ileile.

Ya tatu ni namba ya siri. Nilisimama nyuma ya bibi mmoja kwa wakala, amekuja kuchukua pensheni, akampa kijana simu akasema, "Mwanangu nitolee, macho yangu hayaoni vizuri." Kijana akasema, "Nitajie namba ya siri bibi." Akaitaja kwa sauti, sote kwenye foleni tukaisikia. Roho iliniuma jamani. Kijana alikuwa mwaminifu siku ile, alimhesabia zote, lakini kesho? Kama una mzazi kama huyo kaa naye nyumbani umfundishe vidole vyake vitufe vya simu, namba ya kwanza iko kona hii, ya katikati ina kinundu, afanye mara ishirini mpaka aweze gizani. Ikishindikana, afadhali achague benki inayotoa kwa alama ya kidole, au amteue rasmi kwa maandishi mtu wa kumpokelea.

Halafu angalia hela inatokaje, siyo inaingiaje tu. Akaunti inayopokea bure lakini inakukata kila unapotoa, na wakala wako yuko mbali, inakula msaada mdogo kidogokidogo. Kama hela ni ndogo na inakuja kila mwezi, toa mara moja badala ya vipande vipande, au lipia vitu moja kwa moja kutoka humohumo kama makato ni madogo.

Matapeli nao wanajua tarehe za malipo kuliko wewe. Meseji ikisema lipa ada kidogo ili msaada wako utolewe, futa. Ikikuletea linki, usiibonyeze, fungua tovuti ya serikali mwenyewe kwa kuandika anwani.

Hela isipofika siku uliyoahidiwa usianze kwa kugombana benki. Anza na ofisi iliyotuma, waulize mambo matatu: imetumwa tarehe gani, kwenda akaunti inayoishia na tarakimu zipi, na namba ya muamala ni ipi. Ukipata hayo nenda nayo benki au kwa mtandao wa simu waifuate. Wakikwambia imerudi kwa sababu ya jina, sahihisha jina kwanza ndipo uombe itumwe tena, ukiomba kabla itarudi vilevile. Kila ukiongea na mtu andika jina lake, saa na alichosema, na omba namba ya malalamiko kabla hujakata simu.