Kutumia Grinda ya Mkono kwa Usalama

Katika karakana za kuchomelea mageti na grili, grinda haitulii mezani, na kwa kuwa hushikwa kila saa, fundi huizoea upesi kuliko inavyostahili. Maelezo haya yanahusu grinda ndogo ya jiwe (diski ya kukatia au kusugulia chuma) la kipenyo cha milimita 115 au 125, inayotumia umeme wa volti 230, ingawa mengi yake yanaihusu pia ile kubwa ya milimita 230. Sehemu kubwa ya usalama wake huamuliwa kabla swichi haijabonyezwa.

Jiwe ndilo la kukaguliwa kwanza. Kila jiwe huandikwa kasi ya juu kabisa linayostahimili: la milimita 115 kwa kawaida ni mizunguko 13,300 hivi kwa dakika, la milimita 125 ni 12,200, na la milimita 230 ni 6,600 tu. Kasi hiyo lazima iwe sawa na ile iliyoandikwa kwenye kibati cha mashine, au iizidi. Ndiyo maana tabia ya kung'oa kinga ili jiwe la grinda kubwa lienee kwenye grinda ndogo ni hatari kuliko makosa yote nitakayoyataja: jiwe la mizunguko 6,600 huzungushwa karibu mara mbili ya uwezo wake, likapasuka, na kinga ambayo ingezuia vipande haipo. Msumeno wa mbao wenye meno nao usifungwe kwenye grinda kwa hali yoyote, kwa kuwa meno hung'ata mbao ghafla na mashine ikamponyoka anayeishika.

Tazama pia pete ya chuma iliyo kwenye tundu la jiwe, ambapo mara nyingi hupigwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Gundi inayoshikilia chembe za jiwe hudhoofika kwa umri na kwa unyevu, hivyo jiwe lililolowa mvua, lililoanguka sakafuni au lenye ufa halifai tena, hata likiwa halijatumika. Jiwe jembamba la kukatia hutumia ukingo wake peke yake. Ukilisugulia kwa ubavu litavunjika. Kazi ya kusugua ina jiwe lake nene.

Unapobadilisha jiwe, chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi hakutoshi. Kaza nati kwa spana yake, geuza kinga ikae kati yako na jiwe, kisha iache mashine izunguke bila kazi kwa nusu dakika hivi, ikielekezwa mbali na watu. Ikitetemeka isivyo kawaida, izime na uchunguze.

Kuhusu umeme, waya uliochubuka ubadilishwe, wala usizungushiwe selotepu. Kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti ni jambo la kuachwa kabisa. Ekstensheni ya kuviringishwa ikunjuliwe yote, maana ikibaki imeviringwa hupata joto na kuyeyuka. Swichi ya kukata umeme unapovuja, ya milliampia 30, ni ununuzi wenye maana kuliko grinda ya pili. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi ya mashine mara moja na uchomoe plagi, kwa sababu grinda iliyoachwa ikiwa imewashwa itaanza kuzunguka yenyewe umeme utakaporudi, pengine ikiwa imelala karibu na miguu ya mtu.

Miwani ya jua si miwani ya kazi. Tumia ile ya usalama inayofunika pembeni, na ikiwezekana ngao ya uso juu yake. Vaa glavu za ngozi zinazobana na nguo za pamba, kwa kuwa nailoni huyeyukia mwilini cheche zinapoiangukia. Skafu, tai na mikono mipana ya nguo vikae mbali, na nywele ndefu zifungwe.

Shika mashine kwa mikono miwili, ule mpini wa pembeni ukiwa umefungwa, na usisimame kwenye mstari wa mzunguko wa jiwe. Chuma kibanwe kwenye jiliwa (kibanio cha mezani), upande unaokatwa ukiachwa huru ili mkato ufunguke kadiri unavyozama. Nondo iliyoegemezwa pande zote mbili huinama katikati, ikalibana jiwe na kuirusha mashine kumwelekea fundi. Pipa lililowahi kubeba petroli, tina ya kuchanganyia rangi au mafuta mengine lisikatwe hata likionekana tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Cheche husafiri mita kadhaa. Kabla ya kuanza, ondoa maranda, makopo ya rangi na mitungi ya gesi, na weka ndoo ya mchanga karibu. Kazi ikiisha, subiri jiwe lisimame kabisa ndipo uiweke mashine chini, kisha kaa nusu saa nyingine ukikagua pembe zote, kwani cheche iliyoingia kwenye maranda huweza kufuka polepole kabla moto haujaonekana.